Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Afya cha Columbia Point na Asili ya Vituo vya Afya vya Jamii Mijini

Safari hii tumeutenga ukurasa huu kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni historia ya vituo vya afya vya jamii vinavyowahudumia wakazi wa mijini, na hasa kile cha Columbia Point katika mji wa Boston, Marekani. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa swali moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Darasani tulifundishwa kwamba wazo la kituo cha afya cha jamii lilizaliwa katika mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978. Hivi karibuni nimesoma kwamba Boston kituo cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mwaka 1965. Lipi ni sahihi, na wazo lenyewe lilitoka wapi?

JIBU: Mwaka ulioutaja ni sahihi, na mwalimu wako naye hakukosea kabisa. Mkutano wa Alma-Ata, uliofanyika Septemba 1978 katika Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, uliitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, na wajumbe wa serikali 134 wakakubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi iwe ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Mkutano ule, hata hivyo, haukubuni wazo jipya. Uliyapa idhini ya kimataifa mambo ambayo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa mahali pengi kwa miongo kadhaa. Kituo cha Columbia Point, kilichofunguliwa Desemba 1965, ni mojawapo ya majaribio hayo. Nacho hakikuzuka chenyewe, kwani chimbuko lake liko Afrika Kusini, tena kijijini.

Mwaka 1940 daktari Sidney Kark na mkewe, daktari Emily Kark, walitumwa na serikali kwenda Pholela, eneo la milima katika jimbo la Natal lililokuwa limetengewa Waafrika. Walifuatana na Edward Jali, mganga msaidizi, na mkewe Amelia Jali, muuguzi, ambao lugha na desturi za watu wa pale zilikuwa zao. Walitibu wagonjwa waliofika, kama ifanyavyo zahanati yoyote, lakini sambamba na kazi hiyo walichagua nyumba zilizokizunguka kituo, wakazitembelea moja baada ya nyingine, na kuandika ni nani anaishi humo, nani amezaliwa, nani amefariki, nini kinachopikwa na maji yanachotwa wapi. Watumishi waliofunzwa palepale waliirudia kazi hiyo mwaka hata mwaka, na eneo la nyumba zilizoandikishwa likapanuliwa kidogo kidogo. Takwimu hizo zilipoonyesha kwamba utapiamlo ulikuwa chanzo cha maradhi mengi, kituo kilianza kuhimiza bustani za mboga, kugawa mbegu na kusimamia uchimbaji wa vyoo, kazi ambazo madaktari wengi wa zama zile wangeziona si zao. Katika nyumba zilizofuatiliwa, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka takriban 275 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1942 hadi karibu 100 mwaka 1950.

Kwa maoni yangu, tofauti ya kweli kati ya zahanati ya kawaida na kituo cha afya cha jamii iko katika daftari lile la nyumba. Zahanati huhesabu watu waliopanga foleni mlangoni, ilhali kituo cha aina ya Pholela kiliwahesabu hata wasiofika: mama ambaye hajamleta mtoto chanjo, mzee anayekohoa kwa miezi bila kumwambia mtu, familia iliyohamia juzi na haijui pa kwenda. Bila kujua idadi ya watu wote unaowajibika kwao, huwezi kujua kama kazi yako inapunguza maradhi au inawatibu tu wale wenye nguvu za kukufikia. Kwa hiyo msomaji anapotaka kujua kama jengo fulani lenye bango la kituo cha afya cha jamii linastahili jina hilo, ningemshauri aulize kwanza kama lina orodha hiyo, kabla ya kuuliza idadi ya vitanda.

Tume iliyoongozwa na Henry Gluckman, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1942 na 1944, ilipendekeza vituo 400 vya mfano huo kwa ajili ya Afrika Kusini nzima, vikiwemo vya mijini. Vilivyojengwa ni takriban 40 tu. Mjini Durban ilianzishwa taasisi ya kuwafunza watumishi, nayo ilikuwa na vituo katika mitaa ya mji, kikiwemo cha Lamontville, mtaa wa Waafrika. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliyoingia madarakani mwaka 1948 haikuupenda mpango huo. Fedha zikapunguzwa, vituo vikageuzwa kuwa zahanati za kawaida au kufungwa, na mwaka 1958 akina Kark wakaondoka nchini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, H. Jack Geiger, alikuwa amekaa miezi kadhaa Pholela na Lamontville akijifunza. Huyo ndiye aliyeupeleka ujuzi huo Boston.

SWALI: Kwa nini palichaguliwa Columbia Point, ilhali Boston ina hospitali kubwa na vyuo vya udaktari vinavyosifika duniani? Na kituo chenyewe kilikuwa na nini cha pekee?

JIBU: Swali lako linagusa kiini cha jambo. Boston haikuwa na upungufu wa madaktari, bali madaktari hao na wagonjwa maskini hawakukaa mahali pamoja. Mtaa wa Columbia Point ulifunguliwa mwaka 1954 na mamlaka ya nyumba za umma ya mji huo ukiwa na nyumba zaidi ya 1,500, na ndio uliokuwa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake katika majimbo ya kaskazini mashariki yaitwayo New England. Ulijengwa kwenye rasi inayoingia baharini, upande wa Dorchester, jirani na madampo ya taka ya mji. Pameingia baharini pande tatu, na upande wa nne umekatwa na barabara kuu. Mzazi aliyekuwa na mtoto mwenye homa ililazimu apande basi, abadilishe, kisha asubiri kwa saa nyingi katika idara ya dharura ya hospitali ya mji, ambako alionwa na daktari ambaye hajawahi kumwona na ambaye huenda asingemwona tena.

Lakini ni kosa kudhani kwamba wakazi wale walikuwa wamekaa tu wakisubiri kuokolewa. Mwaka 1962 mtoto wa kike wa miaka 6 aligongwa na lori la taka akafa, na akina mama wa mtaa huo wakatoka na kuifunga barabara ya malori kwa miili yao, wakaendelea kushikilia hadi uongozi wa mji ulipokubali kuyafunga madampo yale. Tukio hilo halitajwi sana katika masimulizi ya kitabibu, ambayo hupenda kuanza na kufika kwa madaktari, nami naona kuachwa huko kunapotosha historia, kwa sababu madaktari walipofika miaka mitatu baadaye walikuta watu waliokwisha kujua namna ya kukutana, kudai na kushinda. Tena dai lenyewe lilikuwa la afya, ijapokuwa hakuna aliyeliita hivyo.

Geiger, ambaye alikuwa mwanahabari kabla ya kusomea udaktari, alikwenda jimbo la Mississippi katika kiangazi cha mwaka 1964 pamoja na madaktari waliowasaidia wanaharakati wa haki za kiraia. Umaskini aliouona kule ulimkumbusha Pholela. Yeye na Count Gibson, aliyeongoza idara ya tiba ya kinga katika Chuo Kikuu cha Tufts, waliandika pendekezo la vituo viwili, kimoja katika mji wa kaskazini na kingine katika mashamba ya kusini, wakaliwasilisha kwa ofisi mpya ya serikali kuu iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini. Fedha zilitolewa mwaka 1965. Cha mjini kikawa Columbia Point, na cha shamba kikawa Mound Bayou, Mississippi, ambacho kilianza kutibu wagonjwa mwaka 1967.

Huko Columbia Point hawakujenga jengo jipya. Walikarabati nyumba za makazi ndani ya mtaa wenyewe, hivi kwamba mgonjwa alishuka ngazi zake, akavuka uwanja na kuingia. Huduma zilipangwa kwa familia, si kwa kiungo kinachouma: timu moja yenye daktari wa watu wazima, daktari wa watoto, muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya aliyetoka mtaani ilikabidhiwa familia kadhaa na ilitarajiwa kuzifahamu. Mama aliyekuja kwa ajili ya shinikizo la damu hakuhitaji kumweleza mtu mwingine, siku nyingine, habari za mwanawe mwenye pumu. Kituo kilifunguliwa pia jioni, kwani wenye vibarua hawawezi kuacha kazi mchana, na usiku alikuwepo daktari wa zamu wa kuitwa.

Wahudumu wa afya waliotoka mtaani wanastahili maelezo zaidi. Walikuwa wakazi, wengi wao wanawake, waliofunzwa na kuajiriwa kwa mshahara. Waliingia nyumba ambazo daktari asingefunguliwa mlango, walijua ni nani amekatiwa joto ndani ya nyumba wakati wa baridi kali, na walirudisha habari hizo kwa timu. Kwa familia nyingi ajira ile ilikuwa na thamani kuliko dawa, jambo ambalo waanzilishi walilikusudia tangu mwanzo, kwa kuwa waliuhesabu ukosefu wa kazi miongoni mwa visababishi vya maradhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1969 ulionyesha kwamba wakazi waliohudumiwa na kituo hicho walipunguza sana siku za kulazwa hospitalini, na hoja hiyo ndiyo iliyowavuta wanasiasa waliojali zaidi bajeti kuliko haki.

Mound Bayou iko nje ya swali lako, lakini siwezi kuipita bila kutaja kisa kimoja. Madaktari wa kule, walipoona watoto wenye njaa, waliandika chakula kwenye karatasi za dawa, na maduka yakalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Ofisa wa serikali alipolalamika kwamba fungu hilo ni la kutibia wagonjwa, Geiger alimjibu kuwa, kwa kadiri ya vitabu alivyosoma, tiba ya utapiamlo ni chakula.

SWALI: Wanasema wakazi ndio walioongoza kituo. Mimi nimekaa katika kamati ya afya ya mtaa wetu kwa muda, na kazi yetu huwa ni kuitwa kupiga makofi baada ya uamuzi kwisha kufanywa. Je, kule ilikuwa kweli tofauti?

JIBU: Mwanzoni, hapana, au si kwa kiasi kinachosimuliwa. Sheria ya mwaka 1964 ilitaka walengwa washirikishwe kwa kiwango cha juu kadiri inavyowezekana, maneno yanayoweza kubeba kila tafsiri, kuanzia kupewa taarifa hadi kukabidhiwa funguo. Fedha za Columbia Point zilipitia Chuo Kikuu cha Tufts, na chuo ndicho kilichoajiri madaktari na kutia saini mikataba. Wakazi waliunda chama chao cha afya, wakashauri kuhusu saa za kufungua, kuhusu nani aajiriwe na kuhusu mahitaji ya mtaa, lakini mwenye kalamu ya mwisho alikuwa chuo. Mvutano haukukosekana, nao ulijitokeza katika vituo vingi vya wakati ule: wataalamu waliogopa kwamba ubora wa tiba utashuka, na wakazi walichoka kuambiwa kwamba wasubiri hadi wawe tayari. Madaraka yalihamia kwa wakazi hatua kwa hatua, kwa kudaiwa.

Kilichobadilisha hali kwa nchi nzima ni sheria ya mwaka 1975, ambayo Rais Gerald Ford aliikataa na Kongresi ikaipitisha juu ya pingamizi lake. Sheria hiyo iliviingiza vituo vya afya vya jamii katika sheria kuu ya afya ya umma, na kwa kituo chochote kinachotaka ruzuku hiyo ya serikali kuu iliweka sharti kwamba wengi wa wajumbe wa bodi, yaani angalau asilimia 51, wawe watu wanaotibiwa katika kituo hichohicho. Zaidi ya hayo, bodi hiyo si ya kushauri tu, kwani ndiyo inayomteua mkurugenzi, kupitisha bajeti, na kupanga huduma zitakazotolewa na saa za kazi. Ndugu msomaji, ukilinganisha na kamati yako utaona kwamba tofauti haimo katika hekima ya wajumbe wala wema wa daktari. Imo katika mambo mawili ambayo kamati nyingi hazina: mamlaka juu ya fedha, na sheria inayosema kwamba bila bodi ya namna hiyo ruzuku haitoki.

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Mjumbe aliyechoka na kazi ya kutwa, anayepewa kitabu cha mahesabu chenye kurasa nyingi usiku wa kikao, anaweza kuwa na kura na bado asiwe na sauti. Bodi zilizofanikiwa ni zile zilizotenga muda na fedha za kuwafunza wajumbe wake kusoma mahesabu hayo.

SWALI: Vituo hivyo viliishi kwa fedha za nani, na kwa nini vya kwetu hufa mfadhili anapoondoka?

JIBU: Hata vile vilikaribia kufa. Ruzuku ya mwanzo ilikuwa ya majaribio. Seneta Edward Kennedy alikitembelea kituo cha Columbia Point mwaka 1966, akavutiwa, na akaipatia programu nzima dola milioni 51 kupitia Kongresi, hivyo vituo vikaanza kufunguliwa katika miji mingine. Mwaka 1967, baada ya malalamiko ya madaktari binafsi walioona wateja wao wanachukuliwa, Kongresi iliweka mipaka ili huduma zilenge watu wa kipato cha chini. Binafsi naona mipaka ile ilikuwa pigo, kwa kuwa ilivinyima vituo wagonjwa wenye uwezo wa kulipa, ikavibandika jina la tiba ya maskini, na ikavifanya vitegemee kabisa huruma ya serikali iliyopo madarakani. Katika miaka ya 1970 programu ilihamishiwa wizara ya afya na ruzuku zikabanwa.

Kilichoviokoa ni kupata njia ya pili ya mapato. Bima za umma za Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini zilianzishwa mwaka uleule wa 1965, lakini kwa muda mrefu malipo yake kwa vituo hayakufikia gharama halisi. Mwaka 1989 sheria ilianzisha hadhi maalumu kwa vituo vinavyotimiza masharti, ili Medicaid ivilipe kulingana na gharama ya kumhudumia mgonjwa. Tangu hapo ruzuku ilitumika zaidi kwa wasio na bima, nao wengine wakalipiwa na bima yao, ilhali mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni hutozwa kulingana na kipato chake. Kituo chenye mkono mmoja wa mfadhili hufa naye. Siwezi kuzungumzia kituo chako bila kukijua, lakini mahali pa kuanzia uchunguzi ni kwenye hesabu hiyo: ni sehemu gani ya gharama za mwaka inalipwa na chanzo ambacho hakina tarehe ya kumalizika?

SWALI: Nimesikia kwamba London ilikuwa na kituo cha afya chenye bwawa la kuogelea zamani kabla ya Boston. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Kilikuwa Peckham, kusini mwa London, na waanzilishi wake walikuwa madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse. Walianza kwa udogo mwaka 1926, kisha mwaka 1935 wakahamia jengo kubwa lenye kuta za vioo na bwawa katikati. Familia zilijiandikisha kwa ada ndogo ya kila wiki, zikapimwa afya mara kwa mara, na muda uliobaki zikautumia kwa michezo na mazungumzo. Hakikutoa matibabu; anayegundulika kuwa na ugonjwa alielekezwa kwingine, kwa kuwa nia ilikuwa kuchunguza afya yenyewe. Kilifungwa mwaka 1950, kwa kuwa mfumo mpya wa taifa wa afya ulijengwa kwa ajili ya kutibu wagonjwa bila malipo, nao haukuwa na mahali pa kukiweka kituo cha watu wenye afya njema wanaochanga ada. Kwa hiyo Peckham ilitangulia Boston, lakini sijaona kwamba Geiger alijifunza kutoka huko. Yeye mwenyewe alitaja Pholela.

SWALI: Je, kituo cha Columbia Point kipo hadi leo?

JIBU: Kipo, ingawa mtaa kilimoanzishiwa haupo tena kwa sura yake ya awali. Katika miaka ya 1970 nyumba ziliachwa bila matengenezo, wapangaji wakahama, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilibaki familia mia tatu na kitu tu kati ya zaidi ya 1,500. Mtaa ukakabidhiwa kwa wajenzi binafsi, ukajengwa upya na kuitwa Harbor Point, wenye wapangaji wa vipato mchanganyiko, na waliokuwa wamebaki walipata nafasi humo baada ya kukaa mezani katika mazungumzo. Kituo kilivuka kipindi hicho chote kikiendelea kutibu. Mwaka 1990 kiliitwa Geiger-Gibson kwa heshima ya waanzilishi wake. Gibson alifariki mwaka 2002 na Geiger Desemba 2020. Leo nchini Marekani mashirika ya vituo vya afya vya jamii yanakaribia 1,400 na huhudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, wa mijini na wa mashambani.